Wazee Nyumbani Wakati wa Baridi ya Julai

Ufikapo mwezi wa Juni, wakulima huja wengi katika ofisi yetu ya kilimo hapa Kinangop. Mmoja aulizia dawa ya baka la viazi, wa pili ndama wake akohoa, wa tatu ataka kujua kama sileji yake imeharibika kwa ukungu. Maswali haya yote ni ya haki, na Bwana Shamba huyajibu. Lakini mimi niandikaye majina yao katika daftari nimeona jambo moja. Hapana mtu ajaye kuuliza habari za baba na mama yake walio nyumbani. Ndama ana kibanda chenye sakafu kavu iliyoinuliwa. Mzee aliyestaafu yumo katika chumba chenye nyufa baina ya mbao, na watu hudhani kwamba kwa kuwa amekaa na baridi miaka mingi, basi amekwisha kuizoea.

Hilo si kweli, nami nitaeleza kwa habari za wazee wawili ninaowajua sana, kwa maana yule mzee ndiye aliyenifundisha hesabu nilipokuwa mtoto. Majina yao sitayaandika. Mwalimu hapendi kutajwa gazetini, na mkewe hapendi zaidi. Yatosha kusema kwamba alifundisha shule za mbali kwa miaka mingi, akastaafu alipotimiza miaka 60 kama ilivyo sheria ya watumishi wa serikali tangu mwaka 2009, akarudi kukaa katika shamba ambalo baba yake alilipata zamani za mpango wa ekari milioni moja, ule ulioanza mwaka 1962. Mkewe hakuhama nalo. Yeye ndiye aliyelitunza shamba hilo miaka yote mumewe akiwa kazini, na ng'ombe wanaijua sauti yake kuliko ya mtu mwingine.

Baridi hii yatoka wapi

Vijana wetu waliosoma huiita Julai "winta," wakicheka. Hawakukosea sana. Mwezi wa Juni tarehe 21 au karibu yake jua huwa limefika kaskazini kabisa mwa njia yake, na nchi za kusini ya dunia huwa katika majira yao ya baridi. Upepo wa kusi huvuma kutoka bahari ya huko, ukaja na hewa baridi yenye unyevu. Watu wa pwani hufurahi, wakaiita kipupwe. Lakini hewa hiyo ikifika huku juu hulazimika kupanda milima, na ikipanda yapoa zaidi, unyevu wake ukawa mawingu. Mawingu hayo hukaa chini kama kifuniko cha sufuria. Jua lipo, lakini halituoni.

Tena kuna habari ya kimo. Kila ukipanda meta 1,000, joto hupungua kwa nyuzi kama 6 hivi. Nairobi iko meta 1,700 hivi juu ya bahari, na sehemu nyingi za Kinangop ziko meta 2,500 au kupita. Kwa hiyo siku ambayo watu wa Nairobi wamevaa makoti na kulalamika redioni, sisi huku tuko chini yao kwa nyuzi kama 5 tena. Idara ya Hali ya Hewa hutangaza mara kwa mara kwamba katika miezi ya Juni mpaka Agosti, siku nyingine joto la mchana katika nyanda za juu za kati halifiki hata nyuzi 18.

Msomaji asichanganye baridi hii na ile ya sakitu. Sakitu, ule umande ugandao ukawa mweupe juu ya majani, huja hasa baina ya Desemba na Februari, katika usiku usio na mawingu wala upepo. Hapo joto la ardhi hupanda moja kwa moja kwenda mbinguni, kwa kuwa hapana blanketi la mawingu la kulizuia, na hewa baridi, iliyo nzito, huteremka na kutulia mabondeni. Ndiyo iliyounguza chai huko Kericho na Nandi mwezi wa Januari 2012. (Kuna na kioja cha Busara, karibu na Nyahururu, mwezi wa Septemba 2008, watu walipoona kilima kizima kimekuwa cheupe wakasema ni theluji. Wataalamu wakaeleza kwamba ni mvua ya mawe iliyoshikamana. Watoto hawakujali ni kitu gani, waliicheza.)

Tofauti ya baridi hizi mbili ni kubwa kwa mtu aishiye ndani ya nyumba. Baada ya usiku wa sakitu, jua hutoka kali. Ikifika saa nne mzee ametoa kiti chake nje na kuota jua, na blanketi limeanikwa uani. Julai hapana jua la kurekebisha yaliyoharibiwa na usiku. Nyumba yaingia katika siku ya pili ikiwa bado na baridi ya siku ya kwanza, na blanketi yashika unyevu kidogo kidogo. Sakitu huua viazi kwa usiku mmoja. Baridi ya mawingu humwingia mzee polepole kwa wiki nane au kumi, wala hapana asubuhi moja ambayo mtu aweza kusema, "Leo ndiyo imefika."

Mwili wa mzee

Joto la mwili wa mtu mzima ni kama nyuzi 37. Kijana akipigwa na baridi hutetemeka, na kule kutetemeka ndiko kazi ya misuli inayoleta joto. Mzee misuli yake imepungua, basi hutetemeka kwa udhaifu au hatetemeki. Zaidi ya hayo, ngozi yake haimpi habari upesi kama zamani. Aweza kukaa katika chumba cha baridi akisema, "Mimi sijambo," na hasemi uongo. Hasikii baridi ile, lakini mwili wake wapoa. Joto likishuka chini ya nyuzi 35, jambo ni la hatari. Dalili zake watu huzidharau kwa kuwa zafanana na uzee wenyewe: maneno yatoka mazito, mikono haishiki kikombe vizuri, mzee asahau alilokuwa akifanya, ataka kulala mchana kutwa. Mguse tumbo chini ya nguo. Likiwa baridi kama mikono, mfunike kwa nguo kavu, mpe kinywaji cha moto ikiwa aweza kumeza, kisha mtafutie gari la hospitali. Pombe asipewe. Pombe huleta damu kwenye ngozi, mtu akajisikia moto, na kumbe joto la ndani ndilo linalotoka nje.

Kadhalika baridi hukaza mishipa ya damu, na presha yapanda. Wazee wengi wanaotumia vidonge vya presha huenda kupimwa mara chache wakati wa baridi kwa sababu ya matope na mvua ya manyunyu, na huo ndio wakati hasa wa kwenda. Mkewe Mwalimu alikuwa akikata vidonge nusu nusu ili vifike mwisho wa mwezi, siku ya pensheni. Jambo hilo halikujulikana mpaka lile nitakalolieleza sasa lilipotokea.

Usiku wa jiko

Ilikuwa Julai ya pili tangu Mwalimu astaafu. Mvua ya manyunyu ilikuwa imeendelea siku tatu. Mama yule, ambaye magoti yake humsumbua, aliwasha jiko la makaa uani, akangoja mpaka moshi wote ukaisha na makaa yakawa mekundu, kisha akaliingiza chumbani. Alifanya kama alivyosikia kwa watu, kwamba makaa yakiisha moshi hayana neno. Dirisha likafungwa. Gunia likakunjwa na kuwekwa chini ya mlango ili upepo usipite. Wakalala.

Usiku wa manane Mwalimu aliamka kutaka kwenda choo. Kichwa kilikuwa kikimgonga, na miguu, alivyonieleza mwenyewe, ilikuwa kama ya mtu mwingine. Alifikiri ni presha. Alipofika mlangoni alianguka, lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kushika komeo, na mlango ukafunguka pamoja naye. Hewa ya baridi, ile ile waliyokuwa wakiizuia kwa gunia, ndiyo iliyowaokoa. Alipopata nguvu kidogo alimwita mkewe. Hakujibu. Akamvuta kwa blanketi mpaka barazani, akapiga kelele, na jirani mwenye gari la kupelekea maziwa akaja. Hospitalini waliwekewa hewa ya oksijeni. Mwalimu alirudi nyumbani siku ya pili. Mkewe alikaa wiki nzima, na kwa miezi kadhaa alikuwa akisahau mambo madogo, hata kama amekwisha kutia chumvi katika chakula.

Gesi iliyowapata huitwa kaboni monoksaidi. Makaa yakiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi hiyo kwa wingi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Mtu akiivuta, yashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu ikisha kujaa gesi hiyo haina nafasi ya kuchukua hewa ya uhai. Kwanza kichwa huuma, kisha kichefuchefu, kisha miguu haina nguvu. Mtu aliyelala hazijui dalili hizo, hupita kutoka usingizini akaenda zake.

Hapa ndipo maneno yale ya watu yanapodanganya. Moshi wa kuni humwasha mtu macho, akakohoa, akafungua mlango. Makaa yaliyoisha moshi hayamwamshi mtu. Kwa hiyo jiko lililokuwa jekundu na safi ndilo la kuogopwa zaidi chumbani. Wengine husema, "Nitaacha dirisha wazi kidogo." Hakuna awezaye kujua kidogo hicho chatosha au hakitoshi, na usiku upepo wageuka. Jiko lisilale katika chumba wanacholala watu, likiwa linawaka au likiwa lafukizwa na majivu. Hata lile jiko la udongo lililoenea nchini tangu miaka ya 1980, ambalo ni zuri kwa kupunguza makaa, latoa gesi hiyo hiyo.

Ukiwakuta watu wamepatwa, usianze kuwauliza habari. Fungua mlango na madirisha, watoe nje, halafu wapelekwe hospitali, hata yule asemaye kwamba amepona.

Mkutano wa Jumamosi

Watoto wao wanne walikuja nyumbani Jumamosi iliyofuata mama yao aliporudi. Nilikuwapo kwa sehemu, maana nilipeleka barua ya ofisi nikaambiwa niketi ninywe chai. Mwana wa kwanza alitaka wazee wahamie kwake Nairobi kila mwaka kutoka Juni mpaka Agosti. Alisema maneno mengi mazuri. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na ng'ombe watakamuliwa na nani, mwanangu, kwa simu?" Mwalimu naye akasema kwamba alikwisha kukaa katika nyumba ile ya ghorofa siku tano, na kazi yake ilikuwa kutazama ukuta wa jirani.

Kwa maoni yangu wote walikuwa na haki. Mwana alikuwa na hofu ya kweli. Lakini mzee aliyeondolewa katika kazi zake na majirani zake huzeeka upesi, na shamba lisilo na mwenyewe kwa miezi mitatu laweza kutumaliziwa hapa ofisini kama habari ya hasara. Aliyewatoa katika ubishi ni binti wa tatu. Aliuliza jambo dogo sana: "Katika nyumba hii, chumba chenye baridi kuliko vyote ni kipi?" Ikawa kimya, kisha Mwalimu akacheka. Kilikuwa chumba chao cha kulala.

Nyumba yao ni ya mbao za saipresi na mabati, kama nyingi za huku. Chumba kile kilikuwa upande wa upepo, hakina dari, na mbao zilizokauka zilikuwa zimeacha nyufa ambazo mtu aweza kupitisha kalamu. Joto la watu wawili usiku kucha lilikuwa likipanda na kutoka kwenye mabati. Kipimajoto ambacho binti alikileta baadaye kilionyesha asubuhi moja nyuzi 9 karibu na kitanda. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika mashauri yake ya mwaka 2018, lilitaja nyuzi 18 kuwa kiasi kinachofaa ndani ya nyumba majira ya baridi kwa nchi zenye majira hayo. Nyumba nyingi za Kinangop haziwezi kufika hapo bila moto, lakini kutoka 9 kwenda 14 si jambo la bure kwa mapafu ya mzee.

Basi walihamisha kitanda. Chumba kilichopakana na jikoni kilikuwa stoo ya mbolea na magunia. Kikasafishwa kikawa chumba cha wazee, na mbolea ikapelekwa nje kwenye kibanda, mahali pake pa haki. Fundi aliweka dari ya mbao nyembamba. Nyufa zilizibwa kwa uji wa unga na magazeti, kazi ya zamani ambayo mama aliijua kuliko fundi. Jikoni wakajenga meko yenye dohani ya kutolea moshi juu ya paa, na ukuta wa matofali wa nyuma ya meko ndio ukuta wa chumba cha kulala. Moto wa kupikia chakula cha jioni huupasha ukuta ule joto, na matofali hutoa joto polepole mpaka usiku umeingia sana, wala hapana kaa la moto chumbani. Ukuta huo ni lazima uwe mzima bila ufa, na matundu ya hewa ya jikoni yaliyo juu yasizibwe hata siku moja.

Kuni na matandiko

Kuni za Julai hukatwa Februari. Nusu ya uzito wa kuni mbichi ni maji, na moto huyachemsha maji hayo kwanza kabla ya kumpa mtu joto lolote. Ndiyo sababu ya moshi mwingi na sufuria isiyochemka. Mwalimu hupasua matawi ya mikaratusi na miwati wakati wa kiangazi, akayapanga chini ya ukingo wa paa, ncha zikitazama upepo, kabla mvua za masika hazijaanza. Hupasua kidogo kila asubuhi, kama alivyokuwa akisahihisha madaftari. Mwenye nguvu kidogo amlipe kijana. Mzee wa miaka 65 mwenye presha hafai kupasua shina zito katika asubuhi ya baridi, kwa kuwa mishipa imekazwa na moyo wapata kazi mbili kwa pamoja.

Juu ya matandiko, watu wengi hurundika mablanketi matatu juu ya mwili na kulala juu ya godoro jembamba. Godoro likiminywa halizuii baridi. Blanketi moja litolewe juu liwekwe chini, na chini ya godoro pawe na magunia makavu au kadibodi. Kofia ya sufu na soksi zivaliwe kitandani. Mwalimu aliikataa kofia mwaka mzima, akisema hajawahi kulala na kofia tangu azaliwe, mpaka mkewe alipomfumia moja ya rangi ya kahawia na kuiweka juu ya mto bila kusema neno.

Mfuko wa mpira wa maji moto ni msaada mkubwa. Maji yasiwe ya kuchemka, mfuko ufungwe kwa kitambaa, uwekwe kitandani nusu saa kabla ya kulala. Ngozi ya mzee haisikii upesi, na nimeona malengelenge ya mguu yaliyochukua miezi kupona.

Chakula, na habari ya kukamua

Mwili ni moto unaotaka kuni zake. Mzee akila mara moja kwa siku, na jioni akanywa chai tupu, usiku atakuwa na baridi hata chini ya mablanketi manne. Wazee hawa siku hizi hula kidogo kidogo mara nne au tano: uji wa wimbi wenye maziwa alfajiri, viazi na njegere na thabai mchana, maharagwe na mboga jioni, na kikombe cha maziwa moto kabla ya kulala. Maji nayo husahauliwa, kwa sababu mzee hasikii kiu na baridi humzidishia kutokuisikia. Wao hujaza chupa kubwa ya chai asubuhi, na ni sharti iwe tupu saa kumi.

Vita kubwa nyumbani mwao ilikuwa ya kukamua. Mama alikuwa akitoka saa kumi na moja alfajiri, gizani, katika matope, kabla hajatia kitu tumboni, ili maziwa yawahi gari. Amefanya hivyo zaidi ya miaka 40. Watoto walipotafuta kijana wa kukamua kwa mshahara, alikataa. Akasema kijana atawaharibu ng'ombe chuchu. Basi wakapatana hivi: kijana akamua asubuhi, mama akamua jioni. Wiki ya kwanza alisimama dirishani kila alfajiri akimhesabia kijana ndoo. Maziwa yalipungua kidogo siku hizo, kisha yakarudi. Wanaosema kwamba mshahara wa kijana ni hasara wahesabu na gharama ya wiki moja hospitalini.

Juu ya ndama nisiseme mengi, maana habari zao huandikwa katika gazeti hili kila mwaka. Anywe maziwa ya mwanzo upesi baada ya kuzaliwa, alale pakavu, akingwe na upepo. Mama yule alipoyasikia maneno hayo kwa Bwana Shamba alisema, "Kumbe mafundisho ni yale yale."

Wajukuu wa Agosti

Shule zikifungwa Agosti, wajukuu huja, na nyumba yapata furaha na mafua kwa pamoja. Mafua ya mtoto ni ya siku tatu. Yale yale yakimpata nyanya yake yaweza kuwa homa ya mapafu. Mtoto anayekohoa asilale kitanda kimoja na mzee, hata akililia hadithi. Hadithi zasimuliwa jikoni, penye hewa, kisha kila mtu aenda chumbani mwake. Tena pawekwe mpaka mbele ya meko. Mwalimu amechora mstari wa chokaa sakafuni, na mtoto aliye chini ya darasa la kwanza hauvuki. Amri za darasani hazijamtoka.

Mzazi yeyote yafaa ajue kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika moja nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 mpaka 11, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Kwa wa mwaka 1 mpaka miaka 5, ni 40 au zaidi. Anayekohoa na kufikia hesabu hiyo apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Na ukiona kifua chazama chini ya mbavu akivuta pumzi, usingoje kuche.

Kwa mzee mambo ni ya siri zaidi. Kijana mwenye nimonia ana homa kali na maumivu ya kifua. Mzee aweza asiwe na homa kabisa. Utaona tu kwamba jana alikula na leo hataki chakula, anaongea mambo yasiyofuatana, na apumua upesi hali ameketi. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi baina ya 12 na 20 kwa dakika. Zikipita 25, tafuta gari. Mwaka jana ni mjukuu wa miaka 11 aliyemhesabia babu yake, kwa mchezo tu, akapata 28. Alikuwa ameonyeshwa na shangazi yake, yule binti wa tatu. Mwalimu alikaa hospitalini siku sita, na amerudi.

Watoto walio mbali wana kazi yao. Simu ya kuuliza "Hamjambo?" italetewa jibu la "Hatujambo," kwa kuwa wazee wetu hawakulelewa kulalamika. Binti yule huuliza mambo yenye majibu: kipimajoto kimesema ngapi leo, vidonge vimebaki vingapi, mchana mmekula nini. Tangu ajue habari ya vidonge vilivyokatwa nusu, ndugu hao wanne wamegawana zamu ya kuvinunua, kila mmoja robo ya mwaka. Zamu ya Julai ilimwangukia yule mwana wa kwanza.

Septemba mawingu hupasuka. Siku ya kwanza ya jua kamili, mama huyatoa matandiko yote uani, magodoro na magunia pia, na kijana hupanda juu ya paa kukwangua masizi ya dohani. Mwalimu ana daftari la shule ambamo huandika joto la chumba kila asubuhi, na siku hiyo hupiga mstari kwa rula chini ya hesabu ya Agosti. Kisha hulifungua tena Desemba, siku za sakitu, lakini wakati huo kipimajoto hutundikwa nje shambani. Wazee hulala katika chumba chao karibu na ukuta wa meko, na miche ya kabichi bondeni ndiyo inayofunikwa magunia.